Mlinzi wa Msumeno

Jumanne ya nne mfululizo, saa nne na robo asubuhi, mlinzi wa shule alitia kufuli kwenye lango, akavuka uwanja, akaingia karakana ya useremala na kusimama kando ya msumeno wa meza, mikono nyuma, rungu kwapani. Alisimama hapo dakika arobaini. Katika dakika hizo lori lililoleta mbao za mtihani lilifika langoni na kupiga honi. Dereva alishuka, akagonga bati kwa jiwe, akatukana kidogo, akapanda tena na kuondoka na mbao zake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamethibitishwa nilipoitwa kwa mkuu wa shule saa sita.

"Mtoto wako," mkuu alisema kabla sijakaa, "amemgeuza mlinzi wa shule kuwa mlinzi wake binafsi."

Sina mtoto katika shule ile. Mkuu alikuwa na maana ya mwanafunzi yeyote ambaye Kiingereza chake hakijakaa sawa. Mwanafunzi wa namna hiyo akishinda mbio ni wa shule. Akivunja kioo ni wangu.

"Mtoto wangu yupi?"

"Yule wa kidato cha pili asiyesema. Wanamwita Kimya. Wiki nne, mwalimu! Wiki nne lango halina mtu na hakuna aliyefungua mdomo. Mlinzi nimeshamwandikia barua ya onyo. Mwalimu wa karakana naye hataki kumwona huyo binti tena, anasema amemdhihaki mbele ya darasa. Alhamisi tunakaa na mlezi wake. Kama hakuna maelezo ya maana, anatoka karakana, anakwenda kukaa maktaba."

"Mtihani wa vitendo ni wiki tano zijazo."

"Kalenda ninayo."

"Asipotengeneza kitu cha mtihani, hana alama."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, sikumwita mpishi."

Kazi yangu inahitaji maelezo mafupi. Shule yetu hupokea watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha huwafundisha kwa Kiingereza kuanzia kengele ya kwanza ya siku ya kwanza. Kwa miaka mingi niliwasaidia katika historia na sayansi. Mwaka ule ulikuja waraka kwamba sasa niwasaidie pia katika masomo ya mikono: muziki, michezo, uchoraji, kompyuta na useremala. Waraka ulisema "wasaidiwe". Haukusema wasaidiwe vipi, wala saa ngapi, wala na nani akiwa nimekwama darasa jingine. Nilipopita kwa wenzangu mmoja mmoja nikapata jibu lilelile, kama waliokariri pamoja: kwangu mimi Kiingereza hakihitajiki.

Mwalimu wa muziki alisema hivyo, na wiki hiyohiyo akawatoa nje wapiga ngoma watatu kwa uvivu. Aliwaambia "rest", akimaanisha mapigo manne ya ukimya, nao wakaweka ngoma chini, wakakaa, mmoja akalala. Mwalimu wa michezo aliamini kwamba Kiingereza huingia kwa sauti. Asiyeelewa alirudiwa neno lilelile kwa nguvu zaidi, mpaka majirani wa shule wakalielewa. Mwalimu wa kompyuta aliniuliza kwa nini mwanafunzi wake, kila akiambiwa afunge "window", anainuka.

Na mwalimu wa karakana, ambaye madarasa kumi na mawili yaliyopita kwake yalimwita Milimita na kwake lilikuwa jina la heshima, aliniambia huku akinoa penseli kwa patasi:

"Madamu, mbao haijui Kiingereza."

"Sheria ulizobandika ukutani zinajua."

"Hizo ni sheria kumi na saba tu. Wote wanazisoma, wote wanatia sahihi. Thelathini na nne kati ya thelathini na nne."

Alipenda hesabu, kama mimi. Kwa hilo tulifanana.

Nilianza na mlinzi kwa sababu alikuwa karibu. Nilimkuta kibandani, barua ya onyo ameikunja mara nne na kuitia chini ya redio.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekuja kuniongezea nyingine?"

"Nimekuja kuuliza. Nani alikuambia uende karakana?"

"Mtoto. Alikuja hapa na adabu zake, akanisalimia, akasema, 'Babu, sheria inasema nisikate mbao kwenye mashine bila mlinzi. Naomba uje, zamu yangu saa nne na robo.' Nikamwuliza, imeandikwa? Akasema imeandikwa ukutani, kwa herufi kubwa. Sasa mimi ni nani nipingane na ukuta wa serikali?"

"Na lango?"

"Lango lina kufuli. Msumeno hauna." Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Mwalimu, mimi nimelinda benki, nimelinda bohari, nimelinda hata maiti. Msumeno sikuwahi. Lakini nilisimama vizuri. Muulize mtu yeyote kama kuna aliyekatika."

"Na mwalimu wa karakana hakukuuliza unatafuta nini?"

"Aliniangalia vibaya. Wiki ya kwanza mpaka ya nne, ananiangalia vibaya. Hakusema neno."

Sikuhitaji kamusi kujua ni neno lipi la ukutani lililompeleka huko. Niliingia darasa la mwisho la siku nikamtoa Kimya, tukakaa stoo ya vifaa vya michezo, kwa kuwa ndicho chumba pekee ambacho ufunguo wake ninao. Tulikalia magodoro ya kurukia. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mikono mikubwa kuliko umri wake, kucha fupi zenye gundi.

"Niandikie sheria ya pili ya karakana," nikasema.

Aliiandika bila kusita na bila kosa: NEVER USE THE SAW WITHOUT THE GUARD. Herufi kubwa zote, kama ukutani, mpaka na ule mstari chini ya neno la kwanza.

"Sasa niambie kwa Kiswahili inasema nini."

"Usitumie msumeno bila mlinzi kuwepo."

"Mlinzi gani?"

Akanikazia macho. "Shule si ina mlinzi mmoja?"

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa juu yake, na nilitaka ipite kwanza.

"Ulimwuliza mwalimu?"

"Nilimwuliza, Mwalimu. Siku ya kwanza zamu yangu ilipofika nilisimama. Akasema kata. Nikamwambia, 'Guard?' Akasema, 'Yes, yes, guard, guard, go on.' Nikaangalia mlangoni, hakuna mtu. Nikasema tena, 'Guard?' Akaniondoa kwenye foleni, akasema nachelewesha watu. Ndiyo wiki iliyofuata nikamwomba babu wa langoni."

"Na wenzako walikuwa wanakata bila mlinzi."

"Wenzangu hawajali. Mimi mjomba wangu ni seremala, nimekaa naye tangu nina miaka minane. Aliniambia ukiingia karakana ya watu, fuata sheria ya hapo hata kama huielewi, kwa sababu aliyeiweka alishaona damu." Akavuta pumzi. Niliona kwamba jina la Kimya alipewa na watu waliomsikia kwa lugha moja tu. "Halafu na mimi niliona ina maana. Msumeno wa mjomba una kava. Wa hapa hauna. Nikasema, kumbe ndiyo maana wanataka mtu asimame. Kama hakuna kava, lazima awepo mtu wa kuzima."

"Rudia hapo."

"Kama hakuna kava—"

"Kava la mjomba wako likoje?"

Alichora kwa kidole juu ya godoro: kifuniko kilichopinda kama ukucha, kinachokaa juu ya meno ya msumeno na kuinuka mbao inapopita.

"Hiyo," nikasema, "ndiyo guard."

Ilimchukua muda. Kwanza alishika mdomo, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Kava? Muda wote walikuwa wanasema kava? Sasa kwa nini wasiseme kava?"

Niliandika "kava" chini ya sheria yake.

"Lakini Mwalimu," akasema, "sasa ni vibaya zaidi. Mlinzi alikuwepo. Kava halipo."

Jumatano wakati wa chai nilikwenda karakana. Milimita alikuwa peke yake, akihesabu vipande vya mbao chakavu, akijaribu kuona kama vitatosha mtihani bila lile lori. Msumeno ulikuwa katikati ya chumba, sahani ya meno yake imetokeza juu ya meza wazi kabisa, kama pezi la samaki. Juu ya meza palikuwa na matundu manne ya boliti. Hayakuwa na boliti.

Nilimweleza yote kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo hakunidhihaki," akasema.

"Hapana. Wewe ulidhani mlinzi amekuja kufanya nini?"

Akageuza uso. "Nilidhani mkuu amemtuma. Muhula uliopita zilipotea patasi tatu. Nikasema, sawa, sasa nimewekewa askari kama mwizi. Nisimwulize mtu. Nifanye kazi yangu."

"Wiki nne."

"Mtu ana heshima yake, Madamu."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: binti alidhani sheria inataka mlinzi, mlinzi alidhani ukuta umemwita, Milimita alidhani mkuu anamshuku, na mkuu alidhani lango lina mtu. Watu wanne, wote wanazungumza Kiswahili kizuri, hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa lugha hiyo.

"Kava liko wapi?" nikauliza.

"Kabatini."

"Tangu lini?"

"Lile linaniziba. Sioni mstari. Ukikata kwa kubahatisha unazidi milimita mbili, na milimita mbili ni kiungo kinachocheza. Nimekata miaka ishirini na sita."

"Na sheria ya pili?"

"Sheria zilikuja na mashine. Nilibandika zote."

Aliweka mbao chini, akaniambia kwa sauti ya mtu anayefanya mapatano mazuri: "Tufanye hivi. Wewe umfundishe hilo neno. Kesho mimi nitasema nimemsamehe, anarudi darasani, yamekwisha. Habari ya kava haina haja ya kufika mezani. Ukiifikisha, mkuu ataufunga msumeno, na msumeno ukifungwa ni darasa zima, siyo mtoto wako peke yake. Na mimi nitakumbuka nani alifanya hivyo."

Haya yalikuwa maneno yenye mantiki, na ndiyo yaliyonikera. Nikinyamaza, Kimya anabaki karakana, anakata mbao kwenye msumeno usio na kinga, akiwa sasa anajua kabisa kwamba hauna. Nikisema, Milimita anakuwa adui wake kwa muda wote uliobaki, na anayetoa alama ni yeye. Nilikunywa chai baridi nikitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

Alhamisi saa tatu mjomba alifika akiwa na penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikaa ukingoni mwa kiti cha ofisi akikichungulia chini kuona kimeunganishwaje. Mkuu alimweleza kosa. Alisema "kuvuruga utaratibu", akasema "kumwondoa mtumishi kituoni", akasema pia kwamba huenda ukimya wa binti ni dalili ya tatizo.

"Kimya?" mjomba akauliza. "Huyu? Nyumbani tunamwomba anyamaze tule."

Kimya aliangalia sakafu. Milimita, aliyekaa mkono wa kuume wa mkuu, alikohoa.

"Mimi nimeshaelewa kilichotokea," akasema. "Ni neno tu. Mwalimu wa lugha amenieleza. Binti hakuelewa neno. Nimemsamehe, arudi."

Mkuu alifunga faili kwa furaha isiyofichika. "Basi. Jambo dogo. Mwalimu wa lugha utamsaidia na hayo maneno."

"Kwanza ningependa tujue ni wangapi hawakulielewa," nikasema.

Macho ya Milimita yalinifikia kabla sijamaliza sentensi.

"Mwalimu," mkuu akasema, "tumeshamaliza."

"Wanafunzi wote thelathini na nne wametia sahihi kwamba wameelewa sheria. Tunajua mmoja hakuelewa. Darasa hilo liko karakana sasa hivi. Dakika kumi zinatosha. Kama ni yeye peke yake, nitasema nimekosa, nami nitakaa naye maktaba mwenyewe."

Mkuu alitazama saa. Nadhani kilichomfanya akubali ni kile kifungu cha mwisho.

Karakana ilikuwa na kelele mpaka tulipoingia. Niliomba wanafunzi wapange foleni nje ya mlango, waingie mmoja mmoja, na kila mmoja aulizwe jambo moja tu kwa Kiingereza: nionyeshe guard. Kunyoosha kidole, basi. Mkuu mwenyewe ashike karatasi na kalamu, ili pasiwe na maneno baadaye.

Wa kwanza alikuwa kiranja, ambaye amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea na ambaye husoma risala wageni wakija. Aliangalia msumeno, akaangalia dari, akanyoosha kidole kwenye kile chuma kinachoongoza ubao unyooke. Wa pili alionyesha swichi nyekundu. Wa tatu alionyesha miwani ya kukinga macho, akasema "asante" na kutoka. Wa nne, bila wasiwasi, alimwonyesha Milimita.

Mkuu aliandika. Mwanzoni aliandika haraka, kisha polepole.

Tulipofika wa thelathini na tatu, matokeo yalikuwa haya: kumi na mmoja walinyoosha kidole dirishani, kuelekea lango. Tisa walionyesha chuma cha kuongozea. Wanne swichi. Wanane walimwonyesha Milimita. Mmoja miwani. Karibu nusu ya waliokosea walikuwa wale ambao hawajawahi kuitwa watoto wangu.

"Hawa wote walitia sahihi?" mkuu akauliza.

"Wote," Milimita akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Akabaki Kimya. Alisimama mbele ya meza ya msumeno, mikono nyuma. Mkuu alimwuliza kama alivyowauliza wengine. Kimya hakunyoosha kidole popote. Aliangalia sahani ya meno, akaangalia yale matundu manne ya boliti, akamgeukia mkuu na kusema kwa Kiingereza, taratibu, maneno manne: "Guard is not here," yaani guard haipo hapa.

Nilikuwa nimemfundisha neno moja. Hayo mengine aliyapanga mwenyewe.

"Haipo maana yake nini?" mkuu akauliza, naye akaacha Kiingereza.

"Maana yake haipo, Mama Mkuu," mjomba akadakia kutoka mlangoni, akiwa amekwisha kukaribia meza na kuchutama kuitazama kwa chini. "Hapa pana nafasi ya kava, na kava hakuna. Wallahi mimi karakana yangu ni ya mabati, haina hata sakafu, lakini kava ninalo. Mwalimu, hivi unakataje?"

"Nakata kwa uzoefu," Milimita akasema.

"Uzoefu mzuri. Mimi nina vidole kumi." Mjomba akavikunjua vyote mbele yake. "Hebu na wewe tuvihesabu."

Milimita alitia mkono wa kushoto mfukoni. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia mlangoni walikuwa wanajua habari ya kile kidole kilichokatika kwa miaka, na kila darasa lilikuwa na hadithi yake. Hakuna hadithi iliyotaja kava.

"Liko wapi?" mkuu akauliza.

Ufunguo wa kabati ulitoka mfuko uleule. Kava lilikuwa rafu ya chini, limefungwa kwa gazeti, jipya, na boliti zake nne ndani ya kifuko cha plastiki kilichobandikwa juu yake kwa gundi ya kiwandani. Kilikuwa hakijawahi kufunguliwa.

Mkuu alitoa uamuzi wake palepale amesimama, na nauandika kama alivyousema, kwa sababu baadaye kila mtu aliukumbuka kwa namna ya kumpendeza. Msumeno usiwashwe mpaka kava lifungwe. Sahihi zote thelathini na nne zifutwe. Kila mwanafunzi aonyeshe kwa mkono, siyo kwa kusoma, sheria zote kumi na saba, ndipo apewe ruhusa. Kimya abaki karakana, na alama zake za mtihani zitolewe na mwalimu kutoka shule nyingine. Sheria zibandikwe upya na maneno ya Kiswahili chini yake. Hayo ya mwisho nifanye mimi, ifikapo Jumatatu.

"Na barua ya Afande?" nikauliza.

"Barua ipi?"

"Ya onyo."

"Hiyo imeshaingia kwenye faili," akasema. "Na lango liliachwa wazi, ukweli ni huo."

"Lilifungwa. Kwa kufuli."

"Mwalimu, usinichoshe."

Nilibishana naye dakika saba zaidi, sikupata kitu. Mlinzi mwenyewe nilipomweleza alisema heri barua kuliko kurudi kusimama kwenye ile kelele.

Milimita aliacha kuniamkia. Ijumaa aliniletea karatasi ya sheria kumi na saba, akaiweka mezani kwangu chumba cha walimu, mbele ya watu.

"Andika. Wewe si unajua kila kitu?"

"Sijui kitu kuhusu mbao. Kaa hapa, kila neno niambie linafanya nini."

Hakukaa. Lakini hakuondoka. Alisimama nyuma yangu saa nzima na robo, akinisahihisha kwa hasira. Nilipoandika "zuio" alisema hakuna fundi anayesema zuio. Nilipouliza fundi anasema nini, alisema "gaidi", kisha akagundua kwamba ameligeuza guard kuwa mhalifu, akakaa.

"Hata sisi tumelipinda," akasema.

"Hata nyinyi."

"Andika kava."

Jumanne alilifunga kava mbele ya darasa. Ilimchukua dakika tano na boliti zote nne. Kisha wanafunzi wakaanza kuonyesha, mmoja baada ya mwingine, sheria kwa sheria, na ilikwenda taratibu mno. Kufikia mapumziko walikuwa wamepita sita. Wawili waliambiwa warudi. Mmoja wao alikuwa kiranja, aliyelalamika kwamba sheria anazijua kwa kichwa, na Milimita akamwambia kichwa hakikati mbao.

Kimya alikuwa wa saba. Alionyesha miwani, akaonyesha swichi, akagusa kava na kulitaja kwa lugha zote mbili. Alifika sheria ya kumi na moja bila kosa. Hiyo ilikuwa ndefu kidogo, na ndani yake mlikuwa na neno "feed". Nilikuwa nimeliwekea Kiswahili chini, lakini karatasi mpya ilikuwa bado haijakauka gundi, imekunjamana pale hasa, haisomeki.

Milimita aliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kimya aliangalia ubao ulio mkononi mwake, akaangalia msumeno. Nilimwona akitafuta. Neno alilijua, nilimfundisha mwenyewe darasa la sayansi, tukizungumza juu ya ng'ombe.

"Kulisha?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilifungua mdomo. Milimita aliniinulia kiganja, kile cha kushoto, ninyamaze. Nikadhani anakwenda kumwondoa kwenye foleni, na nilikuwa tayari na maneno ya kumwambia, mabaya, mbele ya darasa lake.

Aliweka penseli chini. Aliokota kipande cha mbao chakavu, akakilaza mezani na msumeno ukiwa umezimwa, akakisogeza kuelekea meno kidogo kidogo, bila kukikimbiza, mpaka kava likainuka lenyewe kukipokea.

"Hivyo," akasema kwa Kiswahili.

Kimya alivaa miwani. Aliwasha. Alisogeza ubao wake mwendo uleule, macho kwenye mstari, na msumeno ukapita mpaka mwisho bila kubadilisha sauti. Alipozima alisubiri meno yasimame kabisa kabla ya kunyoosha mkono, jambo ambalo ni sheria ya kumi na mbili, na hakuna aliyekuwa amemwuliza bado.

Milimita alipima ubao mara mbili. Akaandika jina halisi la Kimya kwenye kibali, akalikosea herufi moja, akalifuta, akauliza linaandikwaje. Kimya akamwambia. Akaliandika tena.

"Wa nane," akaita.